Rudi na Viambatisho

Ofisi yangu iko ghorofa ya pili, juu ya idara ya taka,
Punta Arenas, mji ambao upepo wake haupigi hodi.
Kwenye kona kali manispaa imefunga kamba
watu wazima washikilie, wasipeperushwe kama risiti.
Kazi yangu ni mihuri mitatu:
LIMEKUBALIWA, LIMEKATALIWA,
na ule uliochakaa mpini, RUDI NA VIAMBATISHO.

Mwezi wa Mei akaja Danica Kusanović, fundi wa kodiani,
vidole vinanuka gundi na ngozi ya mbuzi.
Hakuomba jukwaa. Hakuomba mabango.
Jiko moja la mafuta ya taa, basi,
na ruhusa ya kuufunga mtaa wake usiku mmoja wa Juni,
msimu ambao jua huchungulia saa nne asubuhi
na kabla ya saa kumi na mbili jioni limeshafunga duka.

"Wananiletea kodiani zinazokohoa," alisema,
"wanaziacha mezani wanakimbia baridi.
Nataka wabaki. Ojeda auze mkate wake,
mjane Barría auze supu ya kome,
nami nizisikie nilizoziponya zikiwa nje ya ukuta."

Fomu inauliza: *Wanufaika wangapi? Jibu kwa tarakimu.*
Aliandika: *Inategemea upepo.*

Nikagonga muhuri wa tatu.
Akarudi. Nikagonga tena.
Safari ya tatu akaja na kiambatisho, karatasi sita za mkono,
orodha ya kila kodiani iliyolala rafuni kwake na ugonjwa wake:
ya Eleuterio Mansilla, mapafu yametoboka,
miaka tisa hajaja kuichukua, nadhani anaogopa bei;
ya mabinti wawili wa Vukasović, nzima kabisa,
wanagombania urithi, kila mmoja kanikataza nisimpe mwenzake;
ya padri, nondo;
ya mtu nisiyemjua, aliiacha mlangoni usiku,
imefungwa blanketi kama kichanga.
Chakula changu cha mchana kikapoa nikisoma.

Kamati ilikaa dakika kumi na moja.
Diwani mmoja aliuliza: kodiani ni utamaduni au ni biashara?
Kimya. Mwingine, njaa imeshambana,
akasema gaweni nusu kwa nusu,
na ndivyo ilivyoingia vitabuni.

Usiku wenyewe nilitumwa na kihesabio,
kidude cha kubofya, mtu mmoja bofyo moja.
Upepo ukaja na ndugu zake wote.
Jiko likazimika saa tatu.
Watu mkono huu kamba, mkono huu bakuli,
supu inaruka mpaka kwenye miwani.

Lakini kodiani inataka mikono miwili.

Hilo hakuna fomu iliyoliuliza.
Mansilla alisimama na yake kifuani, hailipiwi bado,
akaachia kamba, akayumba hatua tatu kuelekea baharini,
ndipo binti mkubwa wa Vukasović akamdaka mkanda wa suruali,
na mdogo akamdaka dada yake koti,
na mdogo huyo, kwa mkono uliobaki, akashika kamba.
Akapiga. Alikosea sana. Akapiga tena.
Kisha kila mpigaji akawa na mshikaji wake,
nami nikajikuta nimekamata mkia wa koti la padri,
kihesabio kinabofyeka chenyewe mfukoni.

Ripoti yangu inasema mia nne na kumi na wawili.
Mansilla nilimhesabu mara tatu,
alikuwa akizunguka kurudia supu. Sikusahihisha.

Penye *Mchango wa Manispaa* niliandika: jiko moja, kibali kimoja.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza: *na kamba.*
Mkuu wangu akalikata kwa wino mwekundu.
Kamba, aliandika pembeni, ni za idara ya barabara.